Maji Yakikupwa Saint-Malo

Mjomba wangu ni mvuvi wa Kilwa Masoko. Mtu akirudi kutoka pwani nyingine, hata ikiwa Mtwara tu hapo jirani, mjomba haulizi alikula nini wala alilala wapi. Huuliza: "Maji ya huko yanakwendaje?" Kwa hiyo siku niliyofika Saint-Malo, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, nilisimama mapokezi ya nyumba ya wageni begi likiwa bado begani, nikisoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa ratiba ya maji kujaa na kupwa, kwa saa na dakika, na mbele ya kila siku pameandikwa namba.

Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, aliponiona nimeganda pale alikuja kunieleza, na mdogo wangu anayesoma Rennes akawa mkalimani. Wafaransa huipa nguvu ya maji namba, kuanzia 20 hadi 120. Ikiwa arobaini na kitu, hayo ndiyo sisi tunayaita maji mafu. Ikikaribia 100, ni bamvua. Siku iliyofuata ilikuwa na 108. Tulikuwa katikati ya Machi, mwezi umepevuka, na mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba bamvua la Machi na la Septemba si la kuchezea.

Nikamwambia kwamba sisi nasi tunayahesabu maji kwa mwezi. Akauliza, kwenu yanapanda kiasi gani? Nikasema bamvua likiwa kubwa yanafika kama mita nne. Akainua mkono juu ya kichwa chake, akauinua tena, akaona hautoshi, akaelekeza dirisha la ghorofa ya juu ya nyumba ya ng'ambo. "Hapa yanaweza kupita mita 12," akasema. "Kesho ukishuka ufukweni, usiisahau saa yako."

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari Dar es Salaam, na nilikwenda Ufaransa kumtembelea mdogo wangu. Kutoka Rennes hadi Saint-Malo ni kama saa moja kwa treni. Angeweza kunipeleka popote. Nilichagua Saint-Malo mwenyewe, kwa sababu jina la mji huo nimekuwa nalo kichwani tangu chuo, kwenye kurasa zinazohusu Kilwa.

Mji wa kale umejengwa juu ya mwamba uliokuwa kisiwa, mdomoni mwa mto Rance, ukashikana na bara kwa ulimi mrefu wa mchanga unaoitwa Sillon. Umezungushiwa ukuta wa mawe, na juu ya ukuta huo mtu anaweza kuuzunguka mji wote, mwendo wa karibu kilomita mbili, bahari ikiwa upande mmoja na madirisha ya watu upande wa pili. Nyumba ni za mawe ya kijivu, ndefu, zimebanana, zina mapaa ya mteremko mkali na mabomba ya moshi yamesimama kama walinzi. Shakwe wamejaa kila mahali na wana kelele kuliko watu. Nilipoingia kwa lango la Saint-Vincent nilihisi kitu ambacho sikukitarajia: nilihisi nimefika mahali ninapopafahamu. Mji wa mawe juu ya kisiwa, unaoishi kwa meli, wenye matajiri waliojenga majumba kwa faida ya bahari. Kilwa Kisiwani ilikuwa hivyo wakati Ibn Battuta alipopita mwaka 1331.

Mchana wa siku ya pili maji yakaondoka.

Siwezi kusema yalikupwa, kwa maana ya kukupwa niliyoizoea. Kwetu bahari hujivuta ikaacha mchanga na miamba na mabwawa madogo, lakini unaendelea kuiona ikimeta pale mbele. Saint-Malo bahari iliondoka kabisa. Boti zililala ubavu kwenye matope. Ngome zilizokuwa visiwa asubuhi zilisimama juu ya nchi kavu, na watu wakawa wanazitembelea kwa miguu, wakina mama na vitoto na mbwa. Chini ya ukuta, ufukwe wa Bon-Secours, kuna bwawa la kuogelea lililojengwa miaka ya 1930: ukuta wa zege unaozuia maji yabaki wakati bahari inapoondoka, na mnara wa kurukia. Maji yakijaa, bwawa lote linazama na mnara pekee unabaki umesimama katikati ya bahari. Bandari yenyewe ina mabeseni yenye malango yanayofungwa maji yakianza kushuka, la sivyo meli zingekaa chini kama ngalawa zetu zikingoja.

Huko mbali, kwenye miamba iliyofichuka, niliwaona watu wameinama. Mamia. Wana ndoo, wana reki ndogo, wana buti za mpira hadi mapajani. Niliposogea nikakuta wanaokota chaza, wanachimbua vikome mchangani, wanainua mawe na kuyarudisha taratibu kama yalivyokuwa. Mzee mmoja alikuwa na kifaa kidogo cha kupimia ganda, kwa sababu chaza aliyepungua kipimo anarudishwa. Sikuvumilia. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama?"

"Nimefika. Mjomba, maji huku yamekupwa hata sioni yalipoishia."

"Saa ngapi huko?"

"Saa nane na nusu mchana."

"Ah, sisi yamekauka saa nne na kitu asubuhi. Shangazi zako walikwenda kuchokoa, wamepata pweza wanne." Akanyamaza kidogo. "Huko wanachokoa nini?"

Nikamweleza chaza, vikome, kaa. Nikamweleza habari ya kupima ganda, akaipenda. Nikamweleza pia juu ya mto Rance, nyuma ya mji, ambako tangu mwaka 1966 wana bwawa lenye mitambo 24 ndani yake, na maji yanapoingia na kutoka yanazalisha umeme, megawati 240. Hapo alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika.

"Maji haya haya ya kujaa na kupwa?" akauliza.

"Haya haya."

"Basi hao watu wameyasoma maji," akasema mjomba, na kwake hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa.

Nilivuka kwenda Grand Bé, kisiwa kidogo ambacho maji yakikupwa unakifikia kwa njia ya mawe yenye utelezi. Kuna kibao cha onyo: maji yakianza kuzunguka njia, usijaribu kurudi, kaa kisiwani ungoje. Kungoja huko ni saa nyingi, usiku na baridi. Watu wanakwenda Grand Bé kuona kaburi la mwandishi Chateaubriand, mzaliwa wa Saint-Malo, aliyefariki mwaka 1848. Aliomba mwenyewe azikwe pale, jiwe tupu na msalaba, bila jina, akiitazama bahari. Ni mahali pazuri sana. Upepo unapiga nyasi, chini kuna mawimbi madogo yanayorudi, na hakuna anayepaza sauti.

Nilikaa pale na jambo moja moyoni. Baba yake Chateaubriand alizaliwa katika familia ya kibwana iliyofilisika, akaenda baharini akiwa kijana, akawa nahodha na baadaye mwenye meli. Alipata utajiri wake kwa kuteka meli za maadui kwa idhini ya mfalme na kwa kusafirisha watumwa. Kwa fedha hizo aliweza kununua kasri la Combourg mwaka 1761, na mwanawe akakulia humo. Mwaka aliofariki mwana, 1848, ndio mwaka Ufaransa ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa mara ya pili na ya mwisho. Ya kwanza ilikuwa 1794, na Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Nilifundisha tarehe hizi kwa miaka kumi na mbili kwa chaki ubaoni. Sijawahi kuzifikiria nikiwa nimekaa kando ya kaburi.

Maji yalipoanza kuonekana tena kwa mbali, mstari mweupe tu, nilirudi bila kungoja kuambiwa.

Sasa niseme nilichokwenda kukitafuta.

Juu ya ukuta wa magharibi kuna bustani ndogo, na katikati yake amesimama Robert Surcouf, sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 1903. Mkono wake mmoja umenyooshwa kuelekea baharini, kidole cha shahada kikionyesha kaskazini, na wenyeji husema anaionyesha Uingereza. Watoto wanapigwa picha chini yake wakiiga mkono. Surcouf alizaliwa Saint-Malo mwaka 1773, na katika mji huu yeye ni shujaa wa mashujaa: mteka meli mwenye kibali cha serikali, aliyewatia Waingereza hasara katika Bahari ya Hindi, na ambaye mwaka 1800, akiwa na meli ndogo ya Confiance, aliiteka Kent, meli kubwa ya Waingereza iliyokuwa na watu wengi zaidi kuliko wake. Hadithi hii inasimuliwa vizuri, na ni ya kweli.

Lakini Surcouf aliijua Bahari ya Hindi kabla ya Kent. Alipanda meli ya Aurore mwaka 1789, akiwa hajatimiza miaka kumi na sita, na meli hiyo ikaja pwani ya Msumbiji kuchukua watumwa. Mwanzoni mwa 1790 ilivunjika kwa dhoruba, na mamia ya mateka waliokuwa wamefungwa chini wakafia humo humo. Mwaka 1794 alikuwa nahodha wa Créole, meli ya watumwa, na aliendelea na kazi hiyo wakati Paris ilikuwa tayari imetangaza kwamba utumwa umekwisha.

Nilisimama mbele ya sanamu nikajaribu kuitazama ramani kwa macho ya mtu wa mji huu. Ukitoka Saint-Malo unakwenda kusini, unazunguka Rasi ya Tumaini Jema, unafika visiwa vya Mascarene, mashariki ya Madagaska. Watu wa mji huu ndio waliokuwa huko mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1708 wafanyabiashara wa Saint-Malo walituma meli hadi bandari ya Mokha, Yemen, kununua kahawa moja kwa moja, bila kupitia mikono ya watu wengine. Mwaka 1715 Guillaume Dufresne d'Arsel, mtu wa mji huu huu, alitua kwenye kisiwa tunachokiita leo Morisi, akasimika bendera ya Ufaransa na kukiita Isle de France. Mwaka 1735 akaja gavana, Mahé de La Bourdonnais, mzaliwa wa Saint-Malo mwaka 1699, akaijenga Port Louis kuwa bandari ya kweli. Kisiwa kikubwa cha Ushelisheli kinaitwa Mahé kwa ajili yake. Na kahawa, miwa, gati, barabara, vyote vilitaka mikono. Mikono ilitafutwa Madagaska, ikatafutwa Msumbiji, kisha ikatafutwa Kilwa.

Mkataba ninaoujua vizuri zaidi duniani uliandikwa Kilwa Kisiwani tarehe 14 Septemba 1776, kati ya Sultani wa Kilwa na Mfaransa aitwaye Morice. Sultani aliahidi kumpa watu 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20, sarafu za fedha za wakati ule, kila mmoja, na yeye Sultani apewe zawadi ya piastre mbili kwa kila kichwa. Hakuna mwingine kuruhusiwa kununua, Mfaransa wala Mholanzi wala Mreno, hadi Morice atosheke. Akapewa na ngome, aweke mizinga na bendera yake. Muda wa mkataba: miaka 100.

Nikisoma mistari hii darasani huwa nasimama penye neno miaka mia. Wanafunzi hupiga hesabu wenyewe. Watu laki moja. Mkataba haukuishi muda huo; Morice alifariki miaka michache baadaye na Waomani wakairudisha Kilwa mikononi mwao. Lakini meli ziliendelea kuja. Na sitaki kuficha jambo ambalo wanafunzi wangu huuliza kila mwaka kwa uchungu: ndiyo, aliyetoa neno alikuwa Sultani wetu. Waliouzwa walikuwa wametoka bara, Wayao, Wamakua, watu wa kandokando ya Ziwa Nyasa, wamefika pwani kwa miguu wakiwa wamefungwa pamoja. Wazee wa mji wetu walikunywa kahawa barazani huku watu hao wakipita. Siwezi kusimama Saint-Malo nikaukunjia uso ukuta wa watu nikasahau ukuta wetu.

Wakifika visiwani, wote waliandikwa kwa jina moja: Mozambique. Hata aliyepakiwa Kilwa, hata aliyezaliwa mwendo wa miezi miwili kutoka baharini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bei. Bei ilikuwepo kila mahali. Jina la mahali ulikotoka ni kitu ambacho hata maskini wa mwisho anacho.

Kwa siku zangu tatu nilisoma kila kibao nilichokutana nacho juu ya ukuta na kwenye malango. Nilisoma habari za Jacques Cartier, aliyeondoka hapa mwaka 1534 akaingia ghuba ya Saint-Laurent, Kanada. Nilisoma habari za mbwa 24 waliokuwa wakifunguliwa usiku kulinda meli zilizolala ufukweni, desturi iliyodumu zaidi ya miaka 600 hadi mbwa hao walipomuua afisa kijana mwaka 1770. Nilisoma habari za wavuvi waliokwenda Newfoundland miezi na miezi kutafuta samaki wa kufanya ng'onda. Jina la Kilwa sikulikuta. Jina la Msumbiji sikulikuta. Ufaransa yenyewe imeshasema wazi, kwa sheria ya mwaka 2001, kwamba biashara ya watumwa na utumwa ni uhalifu dhidi ya binadamu, na sheria hiyo inaitaja Bahari ya Hindi pamoja na Atlantiki. Ningependa kuona sentensi moja tu chini ya mkono ule wa shaba.

Jioni tulikula galette, chapati nyembamba ya unga wa ngano nyeusi, ikakunjwa pembe nne juu ya yai na jibini. Ina ladha ya ardhi kidogo, kama unga wa ulezi. Wenyeji huishushia sida ya tufaha yenye kilevi. Sisi tulikunywa maji. Baada yake keki ya siagi na sukari iliyoungua, ambayo mdogo wangu anaipenda kupita kiasi.

Saa mbili usiku tukaenda Sillon kuyaona maji yakirudi.

Kando ya ufukwe huo, kwa kilomita nzima na zaidi, yamesimikwa magogo ya mwaloni, maelfu, safu kwa safu, meusi na yaliyopinda, mengine marefu kuliko watu wawili. Yaliwekwa tangu karne ya 19 kulivunja wimbi kabla halijaupiga ukuta. Mchana watoto walikuwa wakicheza kujificha katikati yake. Usiku ule hayakuonekana. Bahari ilikuwa imefika juu ya vichwa vyake na ilikuwa bado inapanda. Wimbi moja likapiga ukuta chini yetu, mawe yakatetemeka kwenye nyayo, kisha ukuta mweupe wa maji ukasimama mbele ya nyumba, juu kuliko taa za barabarani, ukasita kidogo hewani, ukaanguka barabarani. Watu wakapiga kelele za furaha. Nyumba za mbele zilikuwa zimefunga mbao kwenye madirisha. Nililowa hadi ndani ya viatu, na mdogo wangu akanishika mkono kama tulipokuwa watoto gatini Masoko.

Tuliporudi, mama mwenye nyumba alitupa mataulo na chai, akakaa nasi. Saa nne kamili kengele ikalia kutoka kanisa kuu. Inaitwa Noguette. Zamani ilikuwa ikiwaambia watu warudi ndani, maana mbwa wanafunguliwa. Mbwa hawapo tangu 1770, lakini kengele bado inalia kila usiku.

Nikamwambia mji wenu ni mzuri, ni wa kale sana. Akatikisa kichwa.

"Huu ni mji wa rika langu," akasema.

Ndipo akatueleza. Agosti 1944 Wajerumani walikuwa wamejifungia ndani, Wamarekani wako nje, na mji ukaungua siku kadhaa. Karibu asilimia 80 ya majengo ndani ya kuta iliteketea. Ukuta wenyewe ulisalimika sehemu kubwa. Ndani yake palibaki vifusi. Mama yake alikuwa na miaka kumi na minne. Alitoka langoni siku ya kusimamisha mapigano akiwa amemshika mdogo wake mkono mmoja na sufuria mkono wa pili, na hakujua kwa nini alichukua sufuria. Miaka kadhaa baadaye walianza kujenga upya, kwa mawe yale yale waliyoyachambua kwenye vifusi, kwa urefu ule ule na mapaa yale yale. Mnara wa kanisa kuu ulikuwa wa mwisho. Ulisimama tena mwaka 1972, na yeye mwenyewe alikuwepo, msichana, akitazama. Sufuria anayo jikoni.

Nilikuwa nimetembea siku mbili juu ya mawe yale nikidhani ni ya karne ya 18 yote. Nilinyamaza. Nilifikiria Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa isiyo na paa, Msikiti Mkuu wenye nguzo zake za mawe, ukuta wa Makutani ukimegwa na mikoko na mawimbi. UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikaiorodhesha miongoni mwa maeneo yaliyo hatarini, na mwaka 2014 ikatolewa humo baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta. Watu wa Saint-Malo walipata fedha na ukaidi wa kuurudisha mji wao kutoka kwenye jivu. Niliwaonea wivu, na niliwaheshimu.

Kwa hiyo nilimweleza na yangu. Nilimweleza mkataba wa 1776, Aurore, Créole, na watu wote walioandikwa Mozambique. Mdogo wangu alitafsiri polepole, kuna mahali alisimama akatafuta neno. Mama yule hakutukatiza. Mwishoni akasema kwamba shuleni walifundishwa Surcouf wimbo na picha, na baba yake alimpandisha mabegani kuishika buti ya sanamu. Kilwa hakuwahi kuisikia. "Si kwamba tulikataa," akasema. "Hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza." Kisha akaniomba nimtajie herufi za jina hilo moja moja, akaliandika nyuma ya ratiba ya maji ya jana yake, kwa mwandiko wa shule ya zamani, K kubwa yenye mkia.

Siku ya tatu tuliingia kanisa kuu, tukaona kaburi la Cartier, tukapanda basi la asubuhi. Malango ya beseni yalikuwa yamefunguliwa na meli ya uvuvi ilikuwa ikitoka.

Nilikwenda Kilwa likizo ya Juni. Mjomba alikuwa amekaa chini ya mkungu akishona nyavu, na kama nilivyojua, alitaka kwanza aambiwe tena habari ya maji: mita 12, ukuta mweupe, magogo, umeme wa mto Rance. Nikamweleza yote. Halafu nikamweleza Surcouf na mkono wake, na meli zilizokuja hapa. Ya mkataba alikuwa ameyasikia kwangu zamani, lakini safari hii aliacha sindano.

"Kutoka Morisi kuja hapa," akasema, "wakija na kusi ni mteremko. Upepo unawasukuma. Kurudi ndiyo kazi." Akachora kwa kidole mchangani: Kilwa hapa, Bukini, yaani Madagaska, hapa, Morisi kule chini. "Wangoje kaskazi iwapeleke mpaka mbali, kisha wakatize. Wakiikosa, wanapigana na upepo njia yote. Siku nyingi mno."

Akaitazama michoro yake. Nje ya mwamba maji yalikuwa yameanza kujaa, na vijana walikuwa wanasukuma ngalawa.

"Na watu wote hao chini," akasema mjomba. "Maji ya kunywa walibeba ya kutosha?"